Swali la Ungwana: Maoni Juu ya Kazi ya Leonard Mambo Mbotela

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima maandishi. Utenzi wenye nakala mbili zinazohitilafiana hupata makala, majibu ya makala, na majibu ya majibu. Lakini mtu aliyesema Kiswahili mbele ya taifa zima kwa zaidi ya miaka hamsini ni nadra apate hata ukurasa mmoja, kwa kuwa maneno yake yalipita hewani wala hayakufungwa katika jalada. Desturi hii haiwafai wanafunzi wa lugha ambayo sehemu kubwa ya ushairi wake ilisikiwa kabla haijasomwa. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, alitangaza mpira, alisoma habari, aliongoza kipindi ambacho jina lake limekuwa msemo katika Kenya, na asubuhi moja alisomeshwa kwa nguvu tangazo la kupinduliwa kwa serikali. Nakusudia kuitazama kazi hiyo kama tunavyoitazama kazi ya mtunzi yeyote: lugha yake, umbo lake, na yale iliyoyanyamazia.

Habari za mwanzo wake katika utangazaji zasemeka kwa maneno machache. Aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, ndio mwaka ule ule ambao serikali ya nchi iliyopata uhuru majuzi ililichukua shirika la utangazaji lililoundwa mwaka 1961 na kulitia chini ya mkono wake. Jina la zamani, KBC, lilirudi mwaka 1989. Kwa hiyo Mbotela hakuwa mtangazaji wa mfanyabiashara wala wa chama cha mchezo. Tangu mwanzo sauti yake ilikuwa sauti ya dola, na baadaye alihudumu katika kitengo cha habari cha rais. Jambo hili nitalirudia, maana ndilo linaloamua mengi.

Tuanze na mpira. Mtangazaji wa mpira katika redio hutenda kazi ambayo mtangazaji wa televisheni haijui kabisa. Msikilizaji wake ni kipofu kwa muda wa dakika tisini, na uwanja wote hauna budi kujengwa kwa maneno, ukabomolewa, ukajengwa tena kila mpira unapogeuka. Waingereza walipoanza kutangaza kandanda mwaka 1927 walichapisha gazetini picha ya uwanja uliogawanywa miraba yenye nambari, na mtu wa pili alikaa kando ya mtangazaji akitaja nambari ya mraba uliomo mpira. Watangazaji wa Kiswahili walipata hila iliyo nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ni bora: walimwambia msikilizaji kwamba timu fulani inashambulia lango lililo upande wa kushoto wa redio yake. Sanduku dogo lililo juu ya meza, au lililoning'inizwa mtini, likageuka kuwa uwanja. Halikuhitajiwa gazeti wala hesabu. Mkono wa kushoto na wa kulia kila mtu anao.

Msamiati nao haukuazimwa wote kutoka ng'ambo, ingawa kona na penalti zilikuja na jezi zao. Boya la juu la lango likaitwa mtambaa wa panya, neno la waezekaji wa nyumba za pwani. Mabeki wakawa ngome. Mpira usiopanda juu sana ukaenda kimo cha mbuzi. Tunapowasomesha wanafunzi sitiari katika mashairi ya karne zilizopita, huwa tunawatafutia mifano migumu, na huku mifano hii ilikuwa ikitangazwa kila wiki kwa watu wasiojua hata kwamba ni sitiari. Sidai kwamba Mbotela aliyabuni maneno haya. Yalikuwa mali ya watangazaji wote wa Kenya na Tanganyika, na baadaye Tanzania, kama vile mishororo ya kufungulia hadithi ilivyo mali ya manju wote. Ustadi wa mtu mmoja huonekana katika namna anavyoyatumia.

Kuna msemo mmoja ambao Wakenya wengi wanauhusisha na jina lake, nao ni "Kadenge na mpira". Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mchezaji mashuhuri wa Abaluhya na wa timu ya taifa katika miaka ya 1960. Tuutazame msemo huu kwa jicho la sarufi. Hauna kitenzi. Haukusema Kadenge ana mpira, wala anakwenda na mpira, wala amepata mpira. Umeacha jina, kiunganishi, na jina. Ukiuona umeandikwa, bila ya kujua unatoka wapi, utadhani ni anwani ya hadithi, kama tusemavyo sungura na fisi. Na ndivyo ilivyo. Wachezaji wengine ishirini na mmoja wametoweka, wakabaki wahusika wawili tu, mtu na mpira wake, na msikilizaji anangoja ajue yatakayowapata. Mtangazaji aliyejaa maneno angetia hapo sifa tatu au nne za mwendo wa Kadenge. Huyu alinyamaza, akamwachia jina lifanye kazi. Vijana wanaotangaza leo kwa kelele isiyopumua wangefaa kuukariri msemo huu na kuuliza ni kitu gani kilichoachwa nje.

Jambo jingine la sarufi. Msimulizi wa hadithi huenda kwa -ka-: akaondoka, akafika, akakuta. Mtangazaji wa mpira huenda kwa -na-, kwa kuwa jambo halijaisha: anauchukua, anamzunguka mmoja, anatazama. Kilele kinapofika, ghafula huruka hadi -me-: amekosa, au, amefunga. Kati ya -na- ya mwisho na -me- ya kwanza mna nafasi ya pumzi moja, na roho za watu hukaa humo. Mtangazaji hodari hujua urefu wa pumzi hiyo. Akiikata mapema, bao linakuwa habari tu. Akiirefusha mno, kelele za uwanjani zinamtangulia na siri inafichuka. Na pale mchezo unapomshinda kwa kasi, utamsikia akirudi kwenye -ka- ili kuwafikia wachezaji waliomwacha nyuma, ndipo unapojua kwamba kwa nukta chache amekuwa msimulizi wa jambo lililopita. Sijaona kitabu cha sarufi kilichochukua mifano yake hapa, na ni hasara.

Lakini utangazaji huu ulikuwa na ila yake. Kenya ilitwaa Kombe la Challenji la Afrika ya Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, na katika lango alisimama Mahmoud Abbas, ambaye watu walimwita Kenya One. Jina hilo lilivuma sana redioni. Jina la utani ni pambo zuri, ila pambo hili lilimvisha mtu mmoja nchi nzima, na mtu aliyekwisha kuwa nchi ni vigumu kumwambia kwamba amepangua vibaya. Mtangazaji wa taifa hushangilia. Hii ni sehemu ya kazi yake na hakuna anayemlaumu. Hata hivyo msikilizaji aliye Kisumu au Garissa hana macho mengine ila ya mtangazaji, na kila neno la ushabiki linalotiwa ndani ya maelezo linachukua nafasi ya neno la kweli. Waliokuwa na bahati walichukua redio ndogo mpaka uwanjani, wakawa wanatazama kwa macho na kusikiliza kwa sikio, nao ndio waliokuwa wahakiki wa kwanza wa sanaa hii. Yasemekana mtangazaji hamwogopi mtu kama anavyomwogopa huyo.

Sasa tufike kwenye kipindi. "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966, kikaendelea kwa zaidi ya nusu karne, ni vipindi vichache vya redio, katika lugha yoyote, vilivyopata umri huo chini ya mtangazaji yule yule. Umbo lake lilikuwa jepesi. Kilisimuliwa kisa kifupi cha mwenendo wa watu: mgeni afikaye bila hodi akajikaribisha jikoni, mtu aazimaye kitu asikirudishe, abiria asiyejali jirani yake. Mwenye kutenda hakutajwa jina. Kisha likaulizwa swali lenyewe, na swali ndilo lililokuwa hukumu, kwa sababu kila msikilizaji alikwisha jua jibu.

Yafaa tulichungue swali lile. Mbotela angeweza kusema, "Huu si ungwana," akawa mhubiri. Wahubiri walikuwapo wengi na redio iliwapa saa zao. Angeweza pia kuuliza, "Je, hiki ni kitendo cha kiungwana?" Hapo kinachopimwa kingekuwa kitendo. Lakini kiashiria alichokitumia ni "huu", kinachopatana na ungwana wenyewe. Ni kana kwamba mtenda kosa amesimama mbele yetu akidai kuwa yeye ni mwungwana, ameushika ungwana wake mkononi kama mchuuzi anavyoshika kitambaa, na mtangazaji anautazama kwenye nuru na kuuliza: huu, huu hasa, ndio? Aibu iliyomo katika swali hili ni kubwa kuliko iliyomo katika lawama, kwa sababu haikumnyima mtu cheo chake, ilimtaka akithibitishe. Wahenga walikwisha sema kwamba mwungwana ni kitendo.

Na neno ungwana si neno la adabu tu. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba katika miji ya pwani ya zamani mwungwana alikuwa kinyume cha mtumwa: mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo na mahali pa kukaa barazani. Aliyeachwa huru hakuwa, kwa hilo peke yake, amekwisha kuwa mwungwana. Uhuru ulitolewa na bwana, au na sheria, kwa siku moja. Ungwana ulidaiwa kwa nasaba. Ndiyo sababu neno lilitembea sana katika karne ya 19. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka pwani kwenda bara, wengi wao wakiwa watumwa au wana wa watumwa, walijiita Wangwana walipofika mbali na macho ya mabwana, na Kiswahili walichokipeleka hadi Kongo kikaitwa Kingwana. Neno hili, basi, limekuwa likigombewa kwa muda mrefu na wale walionyimwa.

Hapa ndipo ukoo wa mtangazaji unapoingia katika uhakiki. Mbotela alikuwa mtu wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza karibu na Mombasa mwaka 1875 ili kuwakalisha watu waliokombolewa kutoka katika utumwa. Kengele iliyowekwa kuwaonya wakazi juu ya wavamizi imepaacha mahali hapo na jina la Kengeleni hata leo. Na wa ukoo ule ule ni James Juma Mbotela, mwandishi wa "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho hakikosekani katika orodha yoyote ya mwanzo wa nathari ya Kiswahili iliyoandikwa na Mwafrika. Kitabu kile kinasimulia kutekwa, kuuzwa, kukombolewa baharini, na maisha ya misheni. Kimelaumiwa, tena kwa haki, kwa jinsi kinavyowashukuru Waingereza bila kipimo na kuwatwika Waarabu mzigo wote. Mimi nataka kutazama anwani zake mbili zikiwa pamoja, ile ya kitabu na ile ya kipindi. Mwaka 1934 mmoja wa ukoo huu alisimulia jinsi watu walivyopewa uhuru. Mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya bendera kupandishwa, mwingine wa ukoo huo alisimama mbele ya nchi nzima na kuuliza kuhusu ungwana.

Sisemi kwamba alikusudia jibu kwa mzee wake. Maneno huwa na kumbukumbu ambayo msemaji hana haja ya kuitia moyoni. Ila tazama kilichotokea: mtu ambaye wazee wake, kwa desturi ya mji wa zamani, wasingeitwa waungwana, ndiye aliyepewa mizani ya ungwana wa taifa. Na alipoishika mizani aliondoa humo nasaba yote. Katika visa vyake hakuulizwa mtu ni mwana wa nani, wala kabila gani, wala dini gani. Katika mji kama Nairobi, ambamo mtu wa Meru, wa Lamu na wa Busia hupanga vyumba katika ua mmoja bila kujuana asili, haikuwezekana kuulizana nasaba. Ilibaki kuulizana mwenendo. Kipindi kilikuwa, kwa hakika, kitabu cha desturi cha watu wasio na mababu wa pamoja. Nadhani hii ndiyo sababu kiliishi muda mrefu, kuliko ucheshi wa mtangazaji, ingawa ucheshi ulikuwapo.

Nimesifu, sasa yapasa niseme lililo gumu. Visa vya kipindi, kama vilivyozoeleka kwa wasikilizaji, vilikuwa visa vya mgeni na mwenyeji, mpangaji na jirani, abiria na utingo. Swali lilielekezwa kando na chini. Lakini miaka ambayo kipindi kilivuma ilikuwa pia miaka ambayo ardhi ya umma iligawanywa kwa wenye vyeo, wapinzani waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na mwaka 1982 bunge likaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mtu aliyefunua chungu cha jirani aliulizwa kama huo ni ungwana. Aliyechukua shamba la jirani kwa hati ya serikali hakuulizwa, na katika redio ya serikali asingeweza kuulizwa. Simlaumu mtumishi kwa kutojinyonga. Nasema tu kwamba mhakiki hana budi kupima pia ukubwa wa chombo. Kipindi cha adabu ambacho hakiwezi kumfikia mkubwa, hata kiwe kitamu namna gani, kinawafundisha wadogo kwamba adabu ni deni lao peke yao.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 chombo chenyewe kilifichuliwa. Askari wa jeshi la anga walioasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walimfuata Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studio, akasoma kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku haijaisha askari watiifu walikuwa wamekiteka kituo tena, na sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imerudi. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Mbotela aliisimulia siku hiyo mara nyingi katika maisha yake, na watu walipenda kumsikia akiisimulia.

Wengi huieleza siku ile kama kisa cha ujasiri au cha bahati. Mimi naona ni kisa cha lugha. Waasi walikuwa na silaha, walikuwa na studio, na walikuwa na karatasi. Kwa nini wasisome wenyewe? Kwa sababu walijua kwamba wananchi hawataiamini habari mpaka waisikie kwa sauti waliyoizoea, sauti iliyowatangazia mabao na kuwauliza juu ya ungwana. Na serikali iliporudi ilijua jambo lile lile. Imani ambayo mtu aliichuma kwa miaka kumi na minane, kidogo kidogo, kwa visa vya jikoni na vya mpira, ilitumiwa na pande mbili kwa siku moja kama muhuri. Wahenga wana neno: mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Aliyeshikiwa bunduki alichutama, akasoma alichopewa, akanusurika, na hakuna aliye na akili atakayemwambia angefanya vingine. Ila mwenye kuisikiliza kazi yake nzima hawezi tena kusikia "Sauti ya Kenya" bila ya kukumbuka kwamba sauti ile ilikuwa ikipewa karatasi siku zote. Siku hiyo tu ndipo watu walipoona mkono uliokuwa ukizitoa.

Baada ya mwaka huo aliendelea na kipindi chake kwa zaidi ya miaka thelathini. Swali halikubadilika, wala sauti. Kilichobadilika ni wasikilizaji. Masafa yalipofunguliwa kwa vituo vya watu binafsi katika miaka ya 1990, na wasemaji wapya wakaanza kutaja majina, lile swali lilikuwa limekwisha toka mikononi mwa mwenyewe. Lilikuwa mali ya soko, ya matatu na ya baraza. Mtu akisukumwa katika foleni hulisema. Mke humwambia mume. Na mbunge aliyejiongezea mshahara huulizwa, kwa Kiswahili kile kile cha Mombasa, taratibu, na mtu ambaye pengine hakupata kukisikia kipindi chenyewe: Je, huu ni ungwana?